Homa ya Dar: malaria, dengi au taifodi? Upime nini, na siku ya ngapi

"Kaka, nipime malaria na taifodi."

Maneno hayo nayasikia dirishani kila asubuhi, na huu ni mwaka wa kumi na moja nafanya kazi ya maabara hapa Dar es Salaam. Anayeyasema macho yamemwiva, kanga kaifunga kichwani, mkono mmoja uko kwenye paji la uso na mwingine umeshika hela. Haulizi kama kuna kipimo kingine. Mtaani kwetu homa imepewa majina hayo mawili, siku hizi na la tatu la UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na kila anayechemka mwili anaingizwa humo humo.

Mimi humuuliza: "Dada, leo ni siku ya ngapi tangu ianze?"

Wengi wanashangaa. Walidhani nitauliza wapi panauma. Lakini siku ndiyo inayoniambia nichukue damu kwa kipimo kipi. Homa ya siku ya pili na homa ya siku ya nane, hata zikiwa za ugonjwa uleule, hazipimwi kwa namna moja. Kipimo kizuri kikifanywa siku isiyo yake kinasema "hakuna" wakati ugonjwa upo, na mtu anarudi nyumbani akiwa na karatasi ya kumtuliza moyo huku hatari inaendelea kumkaribia.

Kwa hiyo nimeyaweka magonjwa matatu pamoja hapa ili yatazamwe kwa mkupuo mmoja. Sikuandika ili mtu ajitibu. Nimeandika ili ukifika dirishani ujue uombe kipimo gani, kipi usikipotezee hela yako, dawa gani usimeze kabla ya majibu, na saa gani uache yote ukimbilie hospitali.

| | Malaria | Dengi | Taifodi |
|---|---|---|---|
| Inavyoingia | Mbu anayeuma usiku | Mbu anayeuma mchana | Chakula au maji yaliyoguswa na kinyesi |
| Muda kabla ya homa | Mara nyingi siku 7 hadi 14 | Siku 4 hadi 10 | Mara nyingi wiki 1 hadi 3 |
| Homa inavyoanza | Baridi, kutetemeka, kisha jasho | Ghafla, kali tangu siku ya kwanza | Polepole, inapanda siku hadi siku |
| Kipimo | Cha haraka au darubini, siku yoyote | NS1 siku 5 za mwanzo, IgM baadaye | Kuotesha damu, kabla ya antibayotiki |
| Dawa | Mseto, au artesuneti ya sindano ikiwa kali | Hakuna inayoua kirusi. Maji na parasetamoli | Antibayotiki |
| Hatari inapokuja | Upesi, hata ndani ya siku moja au mbili | Homa inaposhuka | Wiki ya tatu |

Mstari wa mwisho wa jedwali urudie kuusoma. Huo ndio wenye kuokoa watu, nami nitaurudia huko mbele.

Malaria ianze, hata kama unaamini siyo

Sina mgogoro na anayeomba kipimo cha malaria. Katika haya matatu, ndiyo inayoweza kumgeuza mtoto aliyekuwa anacheza jana jioni akawa hajitambui leo usiku. Ndiyo pia yenye kipimo rahisi na dawa inayotibu kabisa. Katika vituo vya serikali kipimo cha haraka na dawa ya mseto hutolewa bila malipo, hivyo hakuna sababu ya kubahatisha.

Kipimo cha haraka chenyewe ni kikasha cha plastiki kisichozidi kidole. Natoboa ncha ya kidole, nachukua tone moja la damu, naliweka kwenye kishimo chake, na kwenye kishimo kingine nadondoshea ile dawa ya maji. Damu inapanda taratibu kwenye karatasi nyeupe, inaiacha na wekundu, kisha wekundu unasafika. Mstari wa C lazima utokee. Usipotokea kipimo kimeharibika, kirudiwe. Mstari wa T ukitokea, hata uwe hafifu kama uliochorwa kwa penseli iliyoisha, malaria ipo. Kinachokosewa mara nyingi ni haraka. Kipimo kinatakiwa kisubiri dakika zake, 15 hadi 20 kutegemea aina, na mgonjwa aliyesimama dirishani anataka majibu kwa tatu. Mvumilie mtu wa maabara anayekwambia ukae kwenye benchi.

Kuna jambo moja watu hawaambiwi. Kipimo hiki hakimwoni mdudu mwenyewe, kinaona protini anayoiacha kwenye damu. Protini hiyo hubaki wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Ukiwa umemaliza mseto wiki mbili zilizopita na homa imerudi, mstari wa T unaweza kuwa wa malaria ya zamani. Hapo omba darubini, ambayo inamwona mdudu aliye hai sasa. Na kama kipimo kimesema hakuna, na baada ya siku moja au mbili homa bado ipo, rudi urudie. Usiamue nyumbani.

Tuseme pia ukweli kuhusu mji wetu: malaria Dar es Salaam ni chache kuliko Kigoma, Geita, Kagera au Mtwara. Ndiyo maana swali langu la pili ni "umesafiri?" Aliyeshuka juzi Stendi ya Magufuli akitokea kumzika bibi yake Kigoma, hata kama mara ya mwisho kuugua malaria alikuwa shule ya msingi, namtazama kwa jicho jingine. Lakini kwa asiyetoka mjini, homa nyingi zina chanzo kingine. Utafiti uliochapishwa 2014 uliwachunguza watoto 1,005 wenye homa, wa chini ya miaka 10, waliopelekwa kutibiwa Dar es Salaam na Ifakara. Malaria ilipatikana kwa asilimia 10.5 yao, UTI asilimia 5.9, taifodi asilimia 3.7. Waliokuwa na maambukizi ya njia ya hewa, yaani mafua, kikohozi, nimonia na ndugu zake, walikuwa asilimia 62. Mwaka mmoja kabla ya hapo ulitoka mwingine wa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa Moshi: asilimia 60.7 waliambiwa na daktari kuwa wana malaria, na waliokuwa nayo kweli walikuwa asilimia 1.6. Kila ninapoziwaza namba hizo nawafikiria wale wengine, kitu kilichokuwa kinawaua kilikuwa nini, na nani alikuwa anakitafuta.

Ikiwa ipo na si kali, dawa ni mseto, ALu, ambayo Tanzania imeitumia kama dawa ya kwanza tangu mwishoni mwa 2006. Mtu mzima anameza vidonge 24: vinne kwa wakati mmoja, mara mbili kwa siku, siku tatu. Dozi ya pili inamezwa saa 8 baada ya ya kwanza, siyo 12. Baada ya hapo ndipo inakuwa kila saa 12. Watoto hupewa kwa uzito. Imezwe na chakula chenye mafuta kidogo, maziwa, chapati, au wali wa nazi, kwa sababu dawa hiyo tumbo tupu haiipokei vizuri. Na siku ya pili utakapojisikia umepona, endelea. Vidonge vinavyobaki droo ya kabati kwa ajili ya "homa nyingine" ni dozi mbili zilizoharibiwa, ya kwanza na hiyo nyingine.

Malaria kali ni habari tofauti. Mtoto anayepata degedege, anayelegea kiasi cha kushindwa kukaa au kunyonya, anayetapika kila kitu, viganja vimekuwa vyeupe, mkojo umekuwa mweusi kama kahawa: huyo hapewi vidonge nyumbani. Wazee wetu wa pwani walilihesabu degedege kuwa jambo la pepo na la ndege apitaye usiku, na watoto wengi walimalizia saa zao za mwisho kwa mganga. Dawa yake leo ni artesuneti ya sindano, mwanzoni, baada ya saa 12, baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku hadi aweze kumeza, ndipo amalizie na dozi nzima ya mseto. Wapo wanaoulizia kwinini kwa mazoea. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwamo: waliopata kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopata artesuneti asilimia 8.5. Mtoto wako akilazwa, una haki ya kuuliza anachomwa ipi.

Dengi: ugonjwa unaodanganya unapoondoka

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo tunapokosea zaidi.

Ugonjwa huu si mgeni pwani. Kiswahili kina jina lake la zamani, kidingapopo, na wengi wanaamini jina linalotumika duniani lilitokana na neno la huku kwetu. James Christie, daktari Mskoti aliyekuwa Zanzibar, aliandika juu ya mlipuko wa 1870 na akalitaja jina hilo. Kwa Dar es Salaam ya sasa tumeona milipuko 2010, 2014 na 2019. Huo wa 2019 ulipita wagonjwa 6,000, wengi wao wa mji huu.

Mbu wake, aedesi, mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni, anauma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla ya giza. Hazai kwenye mtaro wa maji machafu tunaoulaumu siku zote. Anataka maji safi yaliyotulia: ndoo ya akiba isiyofunikwa, sahani chini ya chungu cha maua, tairi lililoachwa nyuma ya gereji, kifuu cha nazi uani. Mji ambao maji yanatoka kwa mgao, kila nyumba ikiwa na madumu na matenki, unamfaa sana. Chandarua cha usiku, kizuri kwa malaria, dhidi ya huyu kinasaidia kidogo tu, labda kwa mtoto anayelala mchana.

Dalili zinaanza ghafla. Mtu anaweza kukutajia saa: "nilikuwa kwenye daladala, tumefika Magomeni, nikaanza kutetemeka." Kichwa kinauma, hasa nyuma ya macho, ukigeuza jicho ndipo unalisikia. Mgongo na viungo vinauma kana kwamba umepigwa. Baada ya siku chache wengine wanatoka vipele vinavyowasha. Kikohozi na mafua si sehemu kubwa ya picha hii, na hiyo husaidia kuitofautisha na homa za kawaida za njia ya hewa. Ikiwa maumivu ya viungo ni makali kupita yote, vifundo vimevimba na mtu anatembea ameinama, fikiria pia chikungunya. Huo ni binamu yake kwa dalili, uligunduliwa huku huku kwetu, nyanda za Wamakonde, 1952 hadi 1953, na jina lake ni la Kimakonde lenye maana ya kupinda.

Mwaka 2019 mdogo wangu wa kiume aliugua. Siku ya pili, mimi nikiwa zamu, alikwenda zahanati moja ya karibu na anapokaa. Akapimwa malaria, hakuna. Akapimwa taifodi, wakasema ipo. Akachomwa sindano ya seftriaksoni, ambayo ni antibayotiki, na kwa kuwa mgongo ulimuuma, akachomwa na ya diklofenaki ya maumivu. Siku ya tano homa ikashuka kabisa. Mama akanipigia simu kwa furaha, "mdogo wako amepoa, dawa imemkubali." Jioni yake akaanza kulalamika tumbo juu ya kitovu. Alipopiga mswaki mate yakawa mekundu, na yakaendelea kuwa mekundu. Nilimpeleka hospitali mwenyewe kwa bajaji. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kugandisha, zilikuwa 31,000. Mtu mzima kwa kawaida anazo 150,000 na kuendelea. Taifodi hakuwa nayo. Diklofenaki aliyochomwa ni katika dawa ambazo mwenye dengi hatakiwi kupewa hata kidogo.

Alipona, kwa dripu iliyopimwa kwa uangalifu na manesi waliomwamsha kila baada ya saa chache kumpima presha. Lakini tangu siku hiyo sentensi "homa imeshuka, amepona" siipokei mpaka niambiwe ni siku ya ngapi.

Ndivyo dengi ilivyo. Siku mbili hadi saba za homa, kisha homa inaondoka, na saa hizo hizo, kati ya siku ya tatu na ya saba, mishipa midogo inaweza kuanza kuvujisha maji ya damu. Damu inakuwa nzito, presha inashuka, na anayeonekana amepoa anakuwa baridi kwa sababu damu haizunguki vizuri. Si wote. Wengi wanavuka salama. Lakini aliyewahi kuugua aina moja ya dengi kisha akapata nyingine, na aina ziko nne, yuko kwenye hatari kubwa zaidi, na mji wetu sasa umejaa watu waliowahi kuugua bila kujua.

Kipimo, basi. Siku tano za kwanza omba NS1, kinachoona sehemu ya kirusi chenyewe. Ukija siku ya saba kuomba NS1 unaweza kuambiwa hakuna huku ipo. Kuanzia kama siku ya tano kipimo cha IgM, kinachoona kinga iliyoanza kuamka, ndicho kinachofaa zaidi. Vikasha vingi vinapima vyote viwili pamoja. Bei yake ni kubwa kuliko ya malaria na si kila zahanati inacho. Kama hakipo, au hela haitoshi, chagua FBP, picha nzima ya damu, na irudiwe kila siku au kila baada ya siku moja mpaka siku mbili zipite tangu homa iondoke. Haitasema neno dengi, lakini itaonyesha chembe sahani zinashuka na damu inakuwa nzito. Kwa usalama wa mgonjwa, FBP tatu za siku tatu zina faida kuliko NS1 moja iliyowekwa kwenye pochi na kusahauliwa.

Dawa inayoua kirusi hiki hakuna. Antibayotiki hazikigusi. Parasetamoli inashusha homa na maumivu. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na zote za ukoo huo ziachwe, maana zinaongeza kutoka damu. Sindano za makalioni pia, ziepukwe. Kinywaji kiwe kingi na kidogo kidogo: maji ya ORS, dafu, uji mwepesi, supu. Njia rahisi ya kujua kama anakunywa vya kutosha ni mkojo. Mtu mzima ambaye saa sita zimepita hajakojoa apelekwe. Dripu ya nyumbani kwa mtu anayejiita daktari wa mtaa isikubaliwe, kwa kuwa maji yakizidi wakati mishipa inavuja yanaishia kwenye mapafu. Na juisi ya majani ya mpapai, ambayo kila mlipuko inatumwa kwenye makundi ya simu: sitamkataza mtu, ila isichukue nafasi ya FBP ya kesho.

Ukiona kimoja katika hivi, ni hospitali yenye vitanda, si zahanati: tumbo linauma bila kuachia, kutapika mara tatu au zaidi kwa siku, damu kwenye fizi, pua au choo, mwili baridi na jasho, kuchoka kusiko kwa kawaida au kuhangaika kitandani, kupumua haraka.

Taifodi, na kipimo nisichokipenda

Taifodi ipo. Nasema mapema nisije nikaeleweka vibaya. Mji wenye vyoo vinavyofurika bonde la Msimbazi kila masika, na mabomba yanayopasuka, hauwezi kukosa taifodi. Ninachokataa ni jinsi tunavyoipata.

Kipimo tunachofanya karibu kila mahali ni Widal, kilichotokana na kazi ya Fernand Widal, Mfaransa, mwaka 1896. Nakifanya hivi: nachukua tone la maji ya damu, naliweka kwenye kioo cheupe, naongeza tone la dawa ya rangi, nachanganya kwa kijiti, kisha nakitikisa kioo huku na huku nikitazama kama chembechembe zinagandana. Dakika moja tu. Zikigandana naandika ipo, wakati mwingine na namba, 1:80, 1:160. Shida ni kwamba kinaona kinga, siyo mdudu. Aliyewahi kuugua taifodi, aliyewahi kuchanjwa, mwenye malaria leo, mwenye bakteria wengine wa jamii hiyo, wote wanaweza kugandisha. Na mwenye taifodi ya kweli katika siku zake za mwanzo anaweza asigandishe kabisa. Nikikusanya watu wazima kumi wasioumwa kitu kwenye foleni ya mwendokasi Kimara nikawapima, sitashangaa kupata karatasi za "taifodi ipo".

Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu. Damu inachukuliwa kwenye chupa maalumu, inawekwa kwenye joto, na bakteria akiwapo anaota, tena tunaweza kumjaribu na dawa mbalimbali tuone ipi inamuua. Kina mapungufu: kinachukua siku kadhaa, kinapatikana hospitali kubwa na maabara chache, na hata kikifanywa vizuri kinawakosa wengi wenye ugonjwa. Lakini kinaposema ipo, ipo. Sharti lake ni moja: damu itoke kabla hujameza antibayotiki. Aliyeanza sipro ya dukani jana ametufungia mlango huo.

Sasa siku. Taifodi haianzi kwenye daladala saa fulani. Mgonjwa wa kweli ukimuuliza anashindwa kutaja siku. Atasema "tangu wiki iliyopita mwili hauko sawa". Homa inapanda ngazi kwa ngazi, jioni zaidi ya asubuhi. Hamu ya chakula inakufa. Tumbo linajaa, mtu mzima anaweza kufunga choo badala ya kuharisha, ulimi una utando mweupe. Homa ya siku mbili iliyokuja kwa kishindo, na mtu jana alikula pilau vizuri, karibu kila mara ni kitu kingine. Homa iliyopita siku saba, malaria imepimwa mara mbili haipo, hapo taifodi inastahili kutafutwa kwa nguvu zote. Ikiachwa hadi wiki ya tatu inaweza kutoboa utumbo, na hapo hakuna kidonge, ni upasuaji wa haraka.

Dawa zake zipo na zinatibu: azithromaisini ya vidonge kwa ambaye hali yake inaruhusu kutibiwa nyumbani, seftriaksoni ya mshipa kwa aliyelazwa, siprofloksasini pale ambapo haijazoeleka na bakteria. Daktari ndiye anayechagua. Jambo la kumshikia mgonjwa ni subira: hata dawa sahihi huchukua siku tatu hadi tano, wakati mwingine zaidi, kabla homa haijakata. Nawaona watu wanaobadilisha dawa siku ya pili, zahanati nyingine siku ya tatu, sindano nyingine siku ya nne, na mwisho hakuna anayejua nini kimefanya kazi.

Na kila sindano ya seftriaksoni iliyochomwa kwa ajili ya Widal ya uongo inawafundisha bakteria wa mtu huyo namna ya kuishi na dawa ambayo kesho atapewa kwa nimonia au kwa homa ya uti wa mgongo. Dalili za usugu naziona mwenyewe kwenye sahani zetu za kuoteshea: bakteria wameota hadi ukingoni mwa kidonge cha dawa, bila duara la kuwazuia.

Uchague nini, kwa hela uliyonayo

Siku ya kwanza hadi ya tatu, bila dalili ya hatari: kipimo cha malaria, na kama ni majira ya mvua au jirani ana dengi, ongeza NS1. Widal acha kabisa. Hela ikitosha kipimo kimoja tu, ni malaria. Ukibaki na ya pili, FBP.

Siku ya nne hadi ya saba: rudia malaria. FBP ni ya lazima, hata kama homa imeshuka. Kwa kweli, hasa kama imeshuka. Kuanzia siku ya tano hivi, IgM badala ya kuitegemea NS1.

Zaidi ya siku saba: usizunguke tena kwenye zahanati. Nenda hospitali inayootesha damu, ya rufaa ya mkoa kama Amana, Temeke au Mwananyamala, ukiwa na karatasi zako zote za majibu na orodha ya dawa ulizomeza. Homa ya muda huo inaweza pia kuwa kifua kikuu, au VVU visivyojulikana, na hayo lazima yatafutwe.

Mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano hawasubiri ratiba hii. Hao wanapelekwa siku ya kwanza. Na yeyote mwenye shingo ngumu, asiyeeleweka anachosema, au aliyepata degedege, haanzii maabara, anaanzia mapokezi ya dharura.

Yule dada wa kanga kichwani alikuwa siku ya nne, na hakuwa amesafiri. Malaria haikuwapo. NS1 ilitoa mistari miwili, wa pili hafifu. Chembe sahani 112,000. Alikuwa na vidonge vya diklofenaki kwenye mkoba, alivyonunua kwa ajili ya mgongo, na tukavitoa tukaviweka pembeni. Nyuma ya karatasi ya majibu nilimwandikia tarehe tatu kwa kalamu nyekundu, kesho, keshokutwa na mtondo, na chini yake namba ya chembe sahani ya leo, ili yeyote atakayempima ajue ilianzia wapi.